Tano Tano: pool ya watu watatu kwa toti ya bia

Michezo mingi ya pool yenye pombe ndani yake huharibika kwa sababu moja tu: anayekosa ndiye anayekunywa. Akishakunywa anazidi kukosa, akikosa anaongezewa, na saa moja haijaisha mezani kuna mtu mmoja kalewa chakari na wawili wamechoka kumsubiri. Tano Tano inakwenda kinyume. Hunywi kwa kuwa umekosa, unakunywa pale mwenzako anapouingiza mpira wako. Kila mtu ana mipira mitano, kwa hiyo idadi ya toti inajulikana kabla sarafu haijaingia kwenye meza.

Msingi wake ni mchezo wa baa za Marekani uitwao cutthroat. Mipira 15 hugawanywa mafungu matatu, ya 1 hadi 5, ya 6 hadi 10 na ya 11 hadi 15, kila mchezaji na fungu lake. Unapiga mipira ya wenzako na kuilinda yako, na atakayebaki na mpira mezani wengine wakiwa wameisha ndiye mshindi. Katika mchezo wa asili, mtu akifanya faulo kila mpinzani hurudishiwa mpira wake mmoja mezani. Meza zetu nyingi za sarafu haziruhusu hilo. Mpira ukitumbukia umeshamezwa, hauonekani tena mpaka sarafu nyingine iingie. Adhabu ya faulo basi lazima iwe kitu kingine, na toti inafaa hapo.

Vitu vya kuandaa

Meza ya kawaida ya baa, ile ya futi saba, inatosha kabisa. Cha lazima ni mipira yenye namba. Kama meza ina mipira myekundu na ya njano isiyo na namba, kuna mchezo wake, tutaufikia.

Tafuta vizibo 15 vya bia. Vioshe, vikaushe, kisha kwa kalamu ya wino mzito andika namba ndani ya kila kimoja, 1 hadi 15. Usiviruke, maana ndivyo vinavyouzuia mchezo huu kugeuka ugomvi. Kila mchezaji anaweka vizibo vyake vitano mbele yake, pale anapoweka kinywaji. Mpira wake ukiingia, anakunywa toti na kukirudisha kizibo cha namba hiyo kwenye sahani ya katikati. Kwa kuwa meza imeshaumeza mpira na hakuna wa kuutoa kuuonyesha, kizibo ndicho ushahidi. Hakuna tena "nilishakunywa ile" wala "namba 9 bado ipo". Chukua na njiti sita za kiberiti, mbili kwa kila mtu, za kuhesabia faulo.

Kisha vijiglasi vitatu vya toti, kila mtu na chake. Viwekeeni alama, hata rababendi ya rangi tofauti inatosha, msije mkachangia midomo.

Toti ni kipimo

Neno "funda" limeharibu jioni nyingi. Funda la mtu mmoja ni mililita 20, la mwingine ni robo ya glasi, na mwenye koo pana huwacheka wengine mpaka anaanguka. Hapa tunapima. Toti moja ni mililita 30 za bia, si zaidi. Baa ikiwa na kipimo cha pombe kali, tumieni hicho. Nyumbani, kile kifuniko cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi kina mistari ya mililita. Kioshe vizuri, jaza maji hadi unapofikia 30, mimina kwenye kijiglasi, halafu weka alama ya wino usawa wa maji.

Povu ndilo litakalowasumbua. Bia ikimwagwa kwa haraka kwenye glasi ndogo, nusu ya kinachoonekana ni hewa, na mnywaji atadai amepunjwa au atajaziwa mara mbili. Inamisha kijiglasi, mimina polepole ukingoni, subiri povu lishuke, ongeza hadi alama. Bia ya moto hutoa povu zaidi, kwa hiyo kwa mchezo huu agizeni baridi hata kama mmezoea ya moto. Msipange toti kumi na tano mapema ili kuokoa muda. Zitakata gesi, zitaingia nzi, na kiwiko cha mtu kitazipitia. Toti inamiminwa mpira ukishaingia.

Sasa hesabu. Mchezaji aliyepoteza mipira yote mitano na njiti zote mbili amekunywa toti 7, yaani mililita 210. Huo ndio mwisho kwa gemu moja, ukiacha sheria ya mpira wa tatu tutakayoifikia. Gemu likichukua dakika 20, aliyefungwa vibaya mara tatu mfululizo anafikisha mililita 630 kwa saa, chupa moja ya nusu lita na robo ya pili. Kwa bia ya asilimia 5 hiyo ni kama gramu 25 za pombe halisi, na mwili wa mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Maana yake hata kipimo hiki kidogo, kikichezwa bila kupumzika, kinaushinda mwili. Ndiyo maana gemu moja huchezwa kwa bia, linalofuata kwa maji, sheria zikiwa zilezile na vijiglasi vilevile. Gemu nne za bia zinatosha kwa jioni moja. Baada ya hapo endeleeni kwa soda kadiri mtakavyo.

Angalieni lebo ya chupa pia. Tusker ni asilimia 4.2, Safari ni 5.5. Tofauti ni ndogo kwa toti moja lakini inaonekana mwisho wa jioni.

Na pombe kali isiingie kabisa kwenye mchezo huu. Konyagi ni asilimia 35, mara saba ya bia ya asilimia 5. Toti moja ya Konyagi ni sawa na toti saba za bia, yaani ni adhabu ya gemu zima kwa mpira mmoja. Anayesema "tubadilishe tu, toti ni toti" hajapiga hesabu, na akifungwa gemu moja atakuwa amekunywa kama wengine baada ya gemu saba.

Asiyekunywa, iwe kwa dini, kwa dawa anazotumia, kwa ujauzito au kwa kuwa ndiye atakayeendesha, anacheza sawasawa na wengine kwa Stoney Tangawizi au juisi ya ukwaju. Mililita 30 za Stoney baridi kwa mkupuo ni adhabu inayojitosheleza. Walio chini ya miaka 18 hawachezi toleo la bia. Funguo za gari na pikipiki ziachwe kaunta kabla ya kizibo cha kwanza kugawiwa, si baada.

Kupanga na kupasua

Weka vizibo vya namba 1, 6 na 11 kwenye kofia, kila mmoja achomoe kimoja bila kutazama. Kizibo ulichochomoa ndicho kinachokupa fungu lako, na mwenye namba 1 ndiye anayepasua, yaani anayepiga mpigo wa kwanza. Baada yake anafuata mwenye 6, kisha mwenye 11.

Kwenye pembetatu, mpira namba 1 unakaa kileleni, 6 na 11 kwenye kona mbili za nyuma, iliyobaki inachanganywa. Mpangilio huo una sababu: kila fungu linakuwa na mpira mmoja kwenye ncha, mahali ambapo mipira hurushwa kwa urahisi wakati wa kupasua, kwa hiyo hakuna aliyefichwa katikati na mitano yake. Kabla ya kuinua pembetatu, ingiza vidole nyuma ya safu ya mwisho na uisukume mipira mbele mpaka igusane kabisa. Ukiacha nafasi hata ya unene wa kadi, nguvu ya mpigo huishia kwenye safu mbili za mbele na nyuma hubaki kifungu kisichofunguka. Gemu linakuwa refu na la kuchosha.

Mpira unaoingia wakati wa kupasua unahesabika. Mwenye nao anarudisha kizibo na kunywa. Kama aliyepasua ameingiza wa mpinzani, anaendelea.

Zamu inavyokwenda

Mpira mweupe lazima uguse kwanza mpira wa mpinzani, wa yeyote kati ya wawili. Ukiingiza wa mpinzani, unaendelea kupiga. Usipoingiza, zamu inahama. Ukiingiza wako mwenyewe peke yake, unakunywa, unarudisha kizibo, zamu imekwisha. Ikiingia yote miwili, wako na wa mwenzako, mnakunywa wote na unaendelea.

Toti inanywewa kabla ya mpigo unaofuata, mbali na meza. Mpigaji anasubiri. Kusubiri huku ni muhimu kuliko kunavyoonekana, kwa sababu ukiruhusu mtu akae na deni la toti mbili tatu, atazimeza kwa pamoja, na kipimo chote tulichohangaika nacho kinakuwa hakina maana.

Faulo ni hizi: mpira mweupe kutumbukia, kutogusa mpira wa mpinzani kwanza, mpira wowote kuruka nje ya meza, kupiga zamu isiyo yako, kugusa mpira kwa mkono au nguo, na kupiga miguu yote miwili ikiwa hewani. Mwenye faulo anatoa njiti moja na kunywa toti moja, na anayefuata anauweka mweupe popote nyuma ya mstari wa kuanzia. Njiti zikiisha, hakuna toti tena: kwa kila faulo inayofuata wapinzani wanachagua mpira wake mmoja na kuutumbukiza kwa mkono. Kizibo kinarudi, hanywi. Hapo ndipo penye makali ya mchezo. Aliyeanza kuyumba analipa kwa mipira, si kwa bia, na gemu linamtoa mapema badala ya kumlewesha.

Kuna hali moja inayozua mabishano kila mara: umeingiza mpira wa mpinzani na mweupe ukafuata shimoni. Mpira umeshamezwa, haurudi, kwa hiyo mwenye nao anarudisha kizibo. Lakini toti ni yako wewe mwenye faulo. Yeye hanywi. Mpira ukiruka nje ya meza, huo mnaweza kuurudisha. Uwekeni pale kilele cha pembetatu kilipokuwa.

Aliyeisha mipira anaweka fimbo chini na kuwa mwamuzi na mmiminaji. Hanywi chochote kwa sababu ya gemu hilo mpaka jipya lianze. Msimwache na chupa yake pembeni bila kazi, maana kinachowalewesha watu kwenye pool mara nyingi si zile toti, ni kile wanachokunywa wakisubiri.

Desturi ya baa nyingi ni kwamba aliyefungwa analipia sarafu. Hapa analipa aliyetoka wa kwanza.

Wawili kumwandama mmoja

Watatu wakicheza, wawili wakiwa marafiki wa karibu zaidi, wa tatu atapigwa peke yake. Kwenye pool ya kawaida hilo ni mbinu halali. Kwenye pool yenye toti linageuka kumnywesha mtu kwa makusudi. Dawa yake ni sheria ya mpira wa tatu: katika zamu moja, ukiingiza mipira mitatu mfululizo ya mtu yuleyule, huo wa tatu unaunywea wewe, yeye anarudisha kizibo tu. Unaweza kuendelea ukitaka, lakini kwa gharama yako. Wachezaji wazuri huanza kubadilisha shabaha wenyewe.

Kwa mbinu, tazama vizibo vya mezani kuliko mipira. Mchezaji dhaifu aliyebakiza vizibo viwili ni ngao yako, kwa kuwa akitoka, yule hodari anabaki na shabaha moja tu, nayo ni wewe. Mpe yule hodari kazi ya kutafuta mipira yako iliyobanwa ukingoni. Mpira ulioegemea ukingo katikati ya mashimo mawili ni mgumu kuingiza kuliko ulio wazi, hivyo unapopata nafasi ya kupiga kwa usalama, usiuguse uliokwisha kubanwa.

Fahamu pia mpira mweupe wa meza unayochezea. Kwenye meza za mipira midogo ya milimita 51, mweupe huwa mdogo zaidi, kama milimita 48, na kwa udogo huo meza huutambua na kuurudisha mbele badala ya kuufungia. Kwenye meza za mipira ya milimita 57, mweupe mara nyingine una chuma ndani ili sumaku iuchepushe, au ni mkubwa kidogo. Mweupe mzito huendelea mbele baada ya kugonga hata pale ulipotarajia usimame, na kwa hiyo hutumbukia mara nyingi zaidi. Mdogo, kinyume chake, ni mgumu kuupeleka mbele. Pigeni mipigo mitano sita ya majaribio kabla ya kugawana njiti.

Mkiwa wengi

Watano mnagawana mipira mitatu mitatu: 1 hadi 3, 4 hadi 6, na kuendelea hadi 13 hadi 15. Njiti zinabaki mbili, kwa hiyo kikomo, ukiacha sheria ya mpira wa tatu, ni toti 5 kwa mtu.

Wanne ndio wenye shida, kwa kuwa 15 haigawanyiki. Pangeni mitatu kwa kila mmoja, na 13, 14, 15 iwe yatima. Mpira yatima unaruhusiwa kuguswa kwanza na mtu yeyote, na ukiingia wote wanne mnakunywa glasi ya maji, glasi nzima, si toti. Mpigaji anaendelea. Inaonekana kama kichekesho lakini mara tatu kwa gemu watu wote wanapata maji bila mtu kubembelezwa. Zaidi ya watano, gawanyikeni. Kusubiri zamu kunakuwa kurefu na watu wanarudi kwenye chupa zao.

Meza ya nyekundu na njano

Mipira haina namba, basi chezeni roho tatu. Kila mtu anaanza na njiti tatu, kila zamu ni mpigo mmoja, na unaruhusiwa kuingiza mpira wowote wa rangi. Ukikosa, unatoa njiti. Njiti zikiisha umetoka.

Wengi hapa huongeza "na unakunywa", na hapo ndipo tulipoanzia, pa yule anayekosa na kunywa na kukosa tena. Geuzeni: kukosa kunagharimu njiti pekee. Ukiingiza, aliyepiga kabla yako ndiye anayekunywa toti. Hivyo kinywaji chako hakitegemei ulivyopiga wewe, kinategemea uliacha nini mezani kwa anayefuata, na hilo linafundisha kucheza kwa akili kuliko adhabu yoyote. Mpira mweusi ukiingizwa unamrudishia mpigaji njiti moja, ila asizidi tatu. Mipira ikiisha na bado kuna watu zaidi ya mmoja hai, wekeni sarafu nyingine. Anayepasua hapotezi njiti hata asipoingiza kitu.

Kinywaji na kitambaa cha meza

Hakuna chupa wala glasi inayopumzika kwenye ukingo wa meza, hata kwa sekunde moja. Tengeni meza ndogo hatua mbili kutoka pale fimbo inapofika ikirudishwa nyuma, na vinywaji vyote vikae huko. Mkono uliotoka kushika chupa baridi umelowa. Fimbo haitelezi vizuri kwenye mkono huo na unga wa chaki unaganda kwenye vidole. Kila mtu awe na kitambaa kikavu mfukoni, afute mkono kabla ya kuinama.

Bia ikimwagika kwenye kitambaa cha kijani, simamisheni gemu papo hapo na mwambieni mwenye meza. Ondoeni mipira kwenye eneo hilo. Chukueni taulo au fulana nyeupe ya pamba, kavu, mkandamize juu ya sehemu iliyolowa, inueni, geuzeni upande mkavu, kandamizeni tena, mpaka taulo liache kuchukua unyevu. Msisugue. Kusugua kunasukuma sukari ya bia ndani ya nyuzi na kuzikwangua, na sehemu hiyo itabaki ikivuta mipira upande mmoja hata miezi ikipita. Kisha lowesheni taulo jingine kwa maji safi kidogo, likamuliwe sana, mkandamize mara moja kuondoa ute wa sukari, halafu tena kwa kavu. Feni ielekezwe hapo. Kama chini ya kitambaa kuna jiwe, kukauka tu kunatosha. Kama ni mbao, maji yaliyopenya yanaweza kuivimbisha na meza ikapata tuta, ndiyo maana kasi ya dakika mbili za kwanza ni muhimu. Mipira iliyolowa bia ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, ikaushwe kabisa, na gemu lililokatizwa lihesabiwe kwa vizibo vilivyobaki mbele ya kila mtu.